Nakala Namba Saba

Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshaifunga kesi kabla hata chai ya saa nne haijafika, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba kama la mtu aliyepoteza kitambulisho. Juu yake mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtuhumiwa afikishwe mahakamani kesho asubuhi. Inspekta alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi, kisha akamwambia Sajini aache chai yake wakaongee na watu.

Kazini Inspekta huyo walimwita Shangazi. Hawakumwita hivyo kwa ajili ya umri, ingawa hamsini na mbili si haba, bali kwa jinsi alivyouliza maswali. Aliuliza kama shangazi aliyekuja kumkagua mchumba wa mpwa wake: taratibu, huku anakoroga sukari, na ukija kushtuka umeshamweleza mpaka sababu ya baba yako kufukuzwa kazi. Sajini, aliyebakiza miezi saba astaafu, alikuwa ameona majambazi wakubwa wakiomba wahojiwe na mtu mwingine.

Kesi ilikuwa hivi. Kwa siku tano wajumbe wa nchi thelathini na moja walikuwa wamejifungia katika jengo la mikutano, wakibishana serikali ziwe na mamlaka gani juu ya intaneti. Ubishi wote ulikuwa umekwama kwenye Kifungu cha Kumi na Nne cha rasimu ya mkataba, kilichosema kwamba serikali yoyote inaweza kuzima intaneti ndani ya mipaka yake wakati wa dharura bila kwenda mahakamani. Waliokitaka walidai kwamba serikali isiyoweza kuzima ni nyumba isiyo na mlango. Waliokikataa walijibu kwamba chumba ambacho mlango wake hufungwa kwa nje tu kina jina lake, nalo ni jela. Nchi kumi na tano zilikuwa upande huu, kumi na tano upande ule, na katikati alibaki Balozi, kiongozi wa ujumbe wa wenyeji, ambaye hakuwa amesema anaelekea wapi. Kura ingepigwa saa tisa alasiri hiyohiyo.

Sasa jana yake, saa kumi na dakika kumi, ukurasa wa tisa wa waraka wa siri wa wenyeji ulitokea kwenye mtandao, na kabla ya saa kumi na nusu ulikuwa umeshasomwa na nusu ya dunia. Waraka huo uliandaliwa kwa ajili ya kikao cha faragha na wageni, na nakala zake zilikuwa kumi na mbili tu. Kila nakala iligongwa namba yake juu kulia, kwenye kila ukurasa. Picha iliyosambaa ilionyesha namba saba bila utata wowote. Nakala namba saba alikabidhiwa mkalimani wa kikao hicho, na tovuti ya kwanza kuitoa picha ilikuwa ya mdogo wake wa tumbo moja, kijana anayeandika kila siku kwamba serikali iondoe mkono wake kwenye intaneti. Aliyeiona namba hiyo kwanza na kupiga simu polisi alikuwa Mshauri wa Usalama wa Mtandao katika ujumbe wa Balozi, na maelezo yake ndiyo yaliyofungua jalada.

Mkuu aliona hayo yanatosha, na kusema kweli yangewatosha wengi. Kosa la kutoa siri za serikali lilikuwa na kifungo cha miaka saba. Tena Shangazi alijua jambo ambalo halikuandikwa jaladani: kura ikishapigwa huku mkalimani akihesabiwa mwenye hatia, hakuna mkubwa atakayekubali jalada lifunguliwe upya. Kesi ikishabebwa na siasa haishuki tena.

Aliitazama picha mara ya mwisho kabla ya kutoka. Ilipigwa juu ya meza ya mbao. Kurasa nane za mwanzo zilikuwa zimegeuziwa nyuma, na pale juu kushoto karatasi zilikuwa zimekunjika pembetatu, ncha ya pini ya stepla ikimetameta katikati ya mkunjo.

Mdogo wa mkalimani hawakuhitaji kumtafuta. Alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, macho mekundu, simu yake ameikabidhi mwenyewe bila kuombwa. Alieleza kwamba picha ilimfikia kwa barua pepe kutoka anwani asiyoijua, na Sajini alikuwa ameshathibitisha kuwa anwani hiyo ilifunguliwa jana hiyohiyo. Aliitoa baada ya dakika tatu.

"Hukujiuliza nani kakutumia?" Shangazi alimuuliza.

"Sikujiuliza, afande. Nilikuwa na furaha."

Alisema dada yake hajawahi kumwambia lolote la kazini, hata kama chakula cha mchana kilikuwa kizuri. Nyumbani wanamwita Kaburi. Alipotamka jina hilo akainamisha kichwa, na Shangazi akamwachia nafasi ya kulia kidogo. Uongo anaujua unavyonuka, na hapa hakuusikia. Kijana alikuwa mjinga, basi, na ujinga haujawekewa miaka saba.

Dada mtu alikuwa wa aina nyingine. Alikuwa amelala sakafuni usiku kucha na bado aliketi wima, nguo amezinyoosha kwa viganja. Alichoomba ni glasi ya maji ya uvuguvugu, si ya baridi, kwa sababu ya koo. Shangazi aliileta mwenyewe.

Alianza mbali, kama kawaida yake. Alitaka kujua yeye mkalimani ana maoni gani juu ya hicho Kifungu cha Kumi na Nne.

"Nikiwa ndani ya kibanda cha ukalimani sina maoni, afande. Mjumbe akisema 'mimi nakitaka', nami nasema 'mimi nakitaka'. Hatusemi 'mjumbe amesema'. Akija wa pili anayekikataa, nami nakikataa. Jana nimekitaka na kukikataa mara kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana."

Sajini alicheka, akajifanya anakohoa. Shangazi alifungua bahasha ya vielelezo, akatoa nakala namba saba iliyokamatwa kwenye mkoba wa mkalimani. Karatasi kumi na mbili zikatawanyika mezani.

"Mbona zimeachana? Polisi ndio waliozitawanya?"

"Hapana, ni mimi. Nilitoa pini."

"Kwa nini?"

Mkalimani alimtazama kama fundi anayeulizwa kwa nini anavua saa kabla ya kuchanganya saruji. Alieleza kwamba maikrofoni ya kibandani husikia kila kitu. Ukigeuza ukurasa uliobanwa, karatasi hulia, na mlio huo huingia moja kwa moja masikioni mwa wajumbe wote wanaokusikiliza. Kwa hiyo akipewa waraka, kabla hajasoma hata kichwa cha habari, hutoa pini, kisha anazivuta karatasi moja moja kando bila kuzikunja. Mwalimu wake alimfundisha hivyo miaka kumi na minne iliyopita, na tangu siku hiyo hajawahi kusoma karatasi iliyobanwa, hata barua ya ukoo.

Shangazi aliinamia meza. Aliuchukua ukurasa wa kwanza, akaushika dhidi ya mwanga wa dirisha. Juu kushoto palikuwa na matundu mawili madogo ya pini. Mkunjo haukuwapo. Akauchukua wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Matundu mawili, mkunjo hakuna. Alizipanga upya kwa mpangilio wake, akazirudisha kwenye bahasha, na moyoni alijisikia raha ya mtu aliyepapasa gizani akaishika swichi.

"Kunywa maji yako taratibu, dada," alisema. "Leo utafanya kazi."

Garini Sajini alitaka kujua ameona nini. Shangazi alimpa ile picha na kumwambia aitazame pembe ya juu kushoto. Kufika ukurasa wa tisa wa waraka uliobanwa ni lazima ugeuzie nyuma kurasa nane, na ukizigeuza zitakunjika pale kwenye pini. Karatasi ikishakunjwa haisahau, hata uipige pasi. Nakala ya mkalimani haikuwa na mkunjo popote, ila iliyopigwa picha ilikuwa nao. Na zote mbili zilikuwa na namba saba.

"Kwa hiyo zilikuwa saba mbili," Sajini alisema.

"Ndiyo. Twende tukamuulize anayezigonga."

Kabla ya hapo walipitia ukumbini, kwa maana Shangazi hakupenda kubeba neno la mtuhumiwa bila kulipima. Wajumbe walikuwa mapumzikoni. Aliingia kibandani, akaketi mbele ya maikrofoni, akamwambia Sajini avae hedifoni kule chini ukumbini. Alichukua ripoti ya zamani ya kituo iliyobanwa kwa pini, akageuza ukurasa mmoja. Sajini alizivua zile hedifoni kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Alisema amesikia kama mtu anatafuna makombo ya mkate ndani ya kichwa chake. Walijaribu tena kwa karatasi zilizoachana, naye akaendelea kusubiri, hata akauliza kwa ishara kama wameshaanza.

Masjala, ambako nyaraka huchapwa na kugongwa namba, ilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, na bibi aliyeitunza aliitwa na kila mtu Mama Masjala. Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye kiti kile na hakupenda polisi washike madaftari yake, kwa hiyo aliyafungua mwenyewe. Alithibitisha kwamba nakala zilikuwa kumi na mbili, kila mwenye nakala ametia sahihi, na hakuna iliyozidi. Shangazi aliuliza utaratibu ukoje nakala ikiharibika. Mama Masjala akaukariri kama sala: huchapwa nyingine yenye namba ileile, iliyoharibika inachanwa mbele ya watu wawili, wote wanatia sahihi kwenye daftari la nakala zilizoharibika.

"Na daftari hilo liko wapi, mama?"

Liliwekwa droo ya chini. Ingizo la mwisho lilikuwa la juzi. Namba saba, ukurasa wa kumi na mbili umepakaa wino, nakala imechanwa. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Mama Masjala. Ya pili ilikuwa ya Mshauri wa Usalama wa Mtandao.

Shangazi alitoa karatasi tupu mfukoni, akasogea kwenye mashine ya kuchana karatasi iliyokuwa pembeni, akaiingiza mdomoni. Mashine haikutikisika. Alibonyeza kitufe mara mbili, tatu. Juu yake palikuwa na vumbi la kuandikia jina.

"Imekufa lini hii?"

Mama Masjala alikaa chini. Ilikufa wiki mbili zilizopita, akasema, na fundi anaahidi kila kukicha. Kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Mshauri alikuja juzi kuchukua nakala yake mwenyewe, akawa anazipekua zile nyingine zilizokuwa zimeshabanwa, akaonyesha kwamba namba saba ina doa kwenye ukurasa wa mwisho. Yeye Mama Masjala hakuliona doa hilo wakati anabana, lakini wino ulikuwa mbichi na kidole cha mtu kinatosha. Akachapa nyingine. Mshauri akamwambia asihangaike na mashine mbovu, ile yenye doa ataichana huko juu ofisini kwake. Akatia sahihi, akampa kalamu.

"Na wewe ukasaini kwamba umeiona ikichanwa."

"Mtu mkubwa, Inspekta. Ningemwambia nakufuata nikaone?" Alikuwa anafuta miwani isiyokuwa na uchafu. "Miaka ishirini na sita. Huyo binti huja hapa kunisalimia kila asubuhi, na mimi ndiye niliyemfunga."

Shangazi alimshika bega. Alimwambia aandike hayohayo kwa mkono wake, bila kuongeza wala kupunguza, nayo ndiyo yatakayomfungua. Alimuuliza swali moja la mwisho: kati ya kuibana ile nakala yenye doa na kumpa Mshauri, ilipita mkononi mwa mtu gani mwingine? Haikupita kwa mtu. Mama Masjala aliliandika na hilo.

Saa nane na nusu Balozi alikuwa chumbani kwake ghorofa ya tatu, hotuba mezani, Mshauri amesimama nyuma ya kiti akiisoma juu ya bega lake. Mshauri alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya chini, na kwa miaka mitatu alikuwa amekililia Kifungu cha Kumi na Nne kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Shangazi aliomba dakika tano. Hakungoja kuketishwa. Macho yake yalikuwa yameshaona, juu ya ukurasa wa pili wa hotuba, aya nzima iliyotaja siri iliyovuja jana kuwa ushahidi kwamba serikali haiwezi kubaki mikono mitupu. Nchi kumi na tano zilikuwa zinaingoja aya hiyo.

Alimpongeza Mshauri kwa macho yake makali, kwa kuiona namba saba kwenye picha kabla ya wengine. Mshauri alishukuru. Shangazi akamuuliza, kwa upole uleule, ile nakala yenye doa aliyotoka nayo masjala iko wapi.

"Niliichana," Mshauri alisema.

"Lini?"

"Juzi. Palepale nilipofika ofisini."

"Ukurasa wa tisa pia?"

"Zote kumi na mbili."

Shangazi alifungua bahasha, akampangia Balozi kurasa nane za mkalimani mezani, kando yake akaweka picha, na juu ya picha maelezo ya Mama Masjala. Alimwonyesha kwa kidole: matundu, matundu, mkunjo. Alieleza kwamba dunia nzima ilikuwa na nakala namba saba mbili tu. Ya mkalimani haijawahi kukunjwa. Iliyokunjwa ilitoka masjala mkononi mwa mtu mmoja, haikupita kwa mwingine, na picha yake ilisambaa jana, siku moja baada ya huyo mtu kusema ameichana.

Balozi alizipitia karatasi moja moja. Alikuwa mzee wa kazi, na alijua kusoma. Mshauri alimgeukia bosi wake.

"Mheshimiwa, ukurasa mmoja umezunguka dunia kwa dakika ishirini na hatukuwa na la kufanya. Nilitaka ulione hilo kwa macho yako kabla ya kura. Nilichagua ukurasa usio na madhara. Hakuna aliyeumia."

"Yupo aliyelala sakafuni jana," Shangazi alisema.

"Angeachiwa baadaye."

"Na nani?" aliuliza Balozi.

Mshauri alizinyoosha karatasi za hotuba mezani, ingawa zilikuwa zimenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Shangazi alimwonea huruma kidogo, maana ilionekana swali hilo hakuwahi kujiuliza. Huruma haikumzuia kumwambia Sajini amsindikize chini, wala kumkumbusha Sajini achukue na funguo za ofisi ya Mshauri. Mtu aliyezoea kusaini madaftari hatupi karatasi kirahisi. Kabla ya saa tisa kasoro robo Sajini alipiga simu kwamba nakala ilikuwa kwenye droo, ndani ya faili jeupe, pembe ya juu kushoto imekunjwa pembetatu.

Kumtoa mkalimani kulitaka simu moja. Mkuu wa upelelezi alianza kumweleza Shangazi habari za utaratibu na wino mwekundu, mpaka Balozi alipoichukua simu mkononi mwake na kusema jina lake. Shangazi aliusikia mlio wa kiti cha mkuu kikisukumwa nyuma.

Mkalimani alifika akiwa na nguo za jana na uso ulionawishwa. Mdogo wake alimfuata nyuma amembebea mkoba, kichwa chini. Mlangoni dada mtu aliuchukua mkoba wake, akamtazama juu mpaka chini. "Nyumbani tutaongea," akamwambia, na kijana akaitikia kama aliyesomewa hukumu nafuu. Kisha dada mtu akapanda kibandani. Mwenzake aliyekuwa ameshika zamu alimsogezea hotuba ya Balozi. Kabla hajasoma neno alitoa pini kwa ukucha, akaiweka kando ya glasi ya maji.

Shangazi alisimama nyuma ya ukumbi, hedifoni sikio moja, sikio jingine wazi. Balozi alianza kusoma, na sauti ya mkalimani ikamfuata nusu hatua nyuma katika lugha ya wageni, tulivu kabisa. Ukurasa wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili Balozi aliinua kalamu, akaifuta aya nzima mbele ya watu wote, akaweka karatasi chini. Yaliyofuata hayakuandikwa popote.

"Jana, kwa jina langu, alikamatwa mtu asiye na hatia," alisema. "Haikuhitajika hakimu. Ilitosha karatasi moja na simu moja, kwa sababu nilikuwa na mamlaka na nilikuwa na haraka. Mimi nilimkosea, na ninamwomba radhi."

Hedifoni zikanyamaza. Wajumbe wa kigeni waligusa masikio wakidhani mitambo imekufa. Nyuma ya kioo mwenzake wa kibandani alinyoosha mkono kwenye swichi ili ampokee zamu, lakini mkalimani akatikisa kichwa. Alikunywa maji funda moja wakati Balozi akimalizia kauli yake ya mwisho.

"Mimi nilimkosea," sauti yake ikasema katika lugha ile nyingine, ambayo Shangazi aliijua kiasi cha kutosha, "na ninamwomba radhi. Nchi yangu inakikataa Kifungu cha Kumi na Nne."

Kisha akavuta karatasi iliyofuata, na katika masikio ya ukumbi mzima hapakusikika kitu.